Mke Mwenzangu Anatetemeka

Mume wangu alioa mke wa pili uzeeni, na kazi ya kumshika mkia ili asikimbie nikapewa mimi.

Ndiyo, mkia. Hamjasoma vibaya.

Na kabla hamjaanza kunitumia pole zenu, wajukuu zangu wa mtandaoni, ngojeni niwape sura ya bibi harusi. Mabawa marefu kama mikono yangu nikiinyoosha. Tumbo la mbao nyepesi. Rangi nyekundu ya kuita mashetani. Puani ana injini ya mafuta, ndogo kama ngumi ya mtoto, lakini ikinguruma majirani wanafunga madirisha.

Alikuwa ndege. Ndege ya mfano, ile inayorushwa kwa rimoti.

Mume wangu, mimi namwita Mzee, maisha yake yote alikuwa fundi wa kuchonga vyuma. Kiwanda kilipomwambia akapumzike, alipumzika asubuhi moja tu. Mchana akaanza kubandika vijiti vya mbao kwenye meza yangu ya chakula. Meza hiyo sijarudishiwa mpaka leo.

Akaunda ndege. Akawa akiamka anaisalimia kwanza, mimi baadaye. Nikamwambia, "Sema tu kwamba umeoa."

Akajibu bila hata kugeuka, "Wewe bi mkubwa. Huyu bi mdogo. Pendaneni."

Jina likakaa. Kuanzia hapo nyumbani kwetu hakuna aliyesema "ndege". Bi mdogo amekunywa mafuta? Bi mdogo leo anakohoa. Bi mdogo ananuna, mfute vumbi.

Tulicheka sana. Utani ule nusura utumalize.

Injini za ndege hizi huwashwa hivi: mmoja anashika mkia kwa nguvu, mwingine yuko mbele anaipiga propela kwa kijiti. Ikiwaka, inavuta kama mbuzi aliyeona mlango wazi. Mshika mkia nilikuwa mimi. Miguu nimepanua, meno nimeuma, heshima nimeiacha ndani.

Basi bi mdogo akaanza kutetemeka.

Mwanzoni ilikuwa kweli. Mtetemo ulinipanda kutoka mkiani hadi kwenye meno ya bandia. Mzee akazima, akapitisha vidole puani, akakuta skrubu moja inayofunga injini imelegea. Akaikaza, akaitia tone la gundi ili isilegee tena. Tukawasha. Mkiani kukatulia kama maji ya mtungini.

"Safi," nikasema.

Mzee akaweka kiganja juu ya pua ya ndege. Akakaa hivyo. Akakunja uso.

"Bado anatetemeka."

Mimi sikusikia kitu. Lakini mimi nani? Shule yangu iliishia ya msingi, na hiyo yenyewe niliisoma nikichungulia dirishani. Yeye amechonga vyuma tangu ana nywele nyeusi. Nikajisemea, labda huku nyuma mtetemo haufiki.

Akaanza msako.

Kwanza propela. Akaichomeka kwenye sindano yangu ya kufumia, sindano akailaza juu ya glasi mbili, aone upande upi mzito. Ukashuka mmoja. Akaukwangua kwa msasa, akairudisha. Ukashuka wa pili. Akabandika kipande cha selotepu upande mwepesi. Mwishowe ikalala sawasawa kama mizani ya mchuuzi mwaminifu, ambayo sijawahi kuiona ila nimesimuliwa.

Akawasha. Akaweka kiganja. "Bado."

Akabadilisha vipande vya mpira vinavyokaa kati ya injini na mbao. Bado. Akachungulia tangi, asije akakuta mafuta yanatoa mapovu. Bado. Akafungua kofia ya propela aone kama imekaa upande. Iko katikati kama kitovu. Bado.

"Bi mkubwa, shika mkia."

Nashika. Namtazama mgongo wake ulioinama pale mbele, na sijui nimsaidie nini. Ugonjwa usiouona hata maji ya moto huwezi kuukanda.

Ikawa mbaya zaidi, angani nako mambo yakaonekana. Bi mdogo akiwa juu anapepesuka, bawa kushoto, bawa kulia, kama mume aliyetoka mahali asipotaka mkewe apajue.

Uwanja wa hawa warusha ndege ni kipande cha ardhi nyuma ya maghala. Wanakusanyika watu wazima na midomo yao wazi, wanatazama juu. Yupo msimamizi, mtu wa filimbi. Siku hiyo akamwita Mzee pembeni, kwa heshima zote.

"Mzee wangu, ndege inayotetemeka haipiti juu ya vichwa vya watu. Waya ukichomoka kule juu, tunazika mtu. Itulize. Isipotulia, usije nayo tena."

Mzee akasema sawa. Njia nzima amemkumbatia bi mdogo kifuani kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Mniambie, hapo mngefanya nini? Mume wangu hanywi, hachezi karata, vijiwe havijui. Uwanja ule ndipo mahali pekee palipobaki ambapo watu walimwita fundi. Akifungiwa pale, anarudi kukaa kwenye kochi kusubiri kufa, na kochi lile nalipenda mimi.

Siku chache baadaye akanipigia simu Rubani.

Rubani ni rafiki yake wa uwanjani. Ndege ya kweli hajawahi kuipanda, maisha yake kauza viatu, ila kofia ya urubani anayo. Aliongea kwa sauti ya chini kama anayekopa.

"Shemeji, nakwambia jambo, lakini usimwambie limetoka kwangu."

"Sema."

"Anatetemeka sana siku hizi. Watu wanaona. Mpeleke akaangaliwe, usichelewe."

"Hata mimi naona, shemeji. Ila Mzee hatakubali. Unamjua, atasema fundi ni yeye."

"Ndiyo maana nakupigia wewe. Mpeleke kijanja."

Kijanja. Neno hilo ukiniambia mimi, umemaliza.

Nikangoja Mzee aende kunyolewa. Bi mdogo nikamchomoa mabawa, nikamfunga kwenye shuka, mabawa kwapani, mimi huyo hadi gereji ya pikipiki. Njiani watu wananipisha, wanadhani nimebeba mgonjwa. Nami nikailegeza shingo kama mfiwa ili nifike upesi.

Fundi wa gereji, jibaba lenye tumbo na kalamu sikioni, akafunua shuka.

"Mama, huyu ni nani?"

"Mke mwenzangu. Anatetemeka."

"Alianza lini?"

Nikampenda papo hapo.

Akambana mezani, akawasha. Akaleta glasi ya maji, akaiweka pembeni juu ya meza ile ile, akayaangalia maji yakijikunja usoni kidogo tu, kama uji unaopoa. Akapunguza mafuta, akaongeza. Akazima.

"Mama, huyu ni mzima kuliko pikipiki zote unazoziona hapa."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Aliyezifunga skrubu hizi ananizidi ufundi. Kama kuna kinachotetemeka, hakimo humu."

Nikaufunga mzigo wangu, hasira zimenipanda, nikapitia uwanjani kumtafuta Rubani. Nikamkuta amekaa kwenye ndoo, anafuta kofia.

"Shemeji, umenitembeza bure. Nimempeleka. Fundi kasema mzima kabisa."

"Fundi gani?"

"Wa pikipiki."

Rubani akasimama. "Umempeleka Mzee kwa fundi wa pikipiki?"

"Mzee wa nini? Bi mdogo."

"Bi mdogo ndiye nani?"

Nikamwonyesha shuka. Mkia ulikuwa umechomoza.

Akaitazama ndege. Akanitazama mimi. Akarudi kukaa kwenye ndoo yake taratibu.

"Shemeji, mimi sikusema inatetemeka," akasema. "Nilisema anatetemeka."

Nikaushusha mzigo chini.

"Mkono wa kulia," akaendelea, na sasa hakuwa ananitazama. "Kidole gumba hakitulii kwenye rimoti, kwa hiyo ndege inamfuata. Msimamizi alipouliza, nikamwambia ni injini. Nilimsitiri tu."

Wajukuu, darasa la tatu mwalimu wetu alituandikia ubaoni mistari miwili. Ndege anaruka. Ndege inaruka. Wa kwanza ana manyoya, ya pili ina mafuta. Ukikosea unanyoosha kiganja, fimbo inashuka. Nilichapwa mpaka nikaelewa. Mzee alikuwa dawati la nyuma yangu, naye alichapwa.

Herufi moja tu. Nimezeeka nayo, nikaja kuipoteza kwa utani wa nyumbani.

Hapo ndipo vitu vikaanza kunirudia, kimoja kimoja. Mashati yake ya vifungo yamelala kabatini, siku hizi anavaa fulana za kuvalia kichwani. Nilikuwa namtania kwamba anajifanya kijana kwa ajili ya bi mdogo. Kikombe na sahani yake ameviacha, chai anainywea kwenye kopo la bati, analishika kwa mikono miwili. Nilimwuliza kama anasikia baridi.

Alisema ndiyo.

Na kiganja. Kile kiganja juu ya pua ya ndege.

Nikafika nyumbani nimemkumbatia mke mwenzangu. Mzee amerudi, kichwa kinang'aa, amekaa mezani peke yake. Hakuuliza nimetoka wapi. Akamfungua shuka, akamvalisha mabawa, akamtoa uani.

"Bi mkubwa, shika mkia."

Nikashika. Akawasha. Akaweka kiganja.

Pua ya ndege ilikuwa imetulia. Mkono juu yake ulikuwa hautulii. Vilikuwa mbele ya macho yangu siku zote hizo, na macho yangu yalikuwa yanatazama injini.

"Vipi?" akauliza, hajageuka.

"Anatetemeka," nikasema. Sauti ilikuwa yangu, ila sikuituma mimi.

Injini inanguruma. Nyasi zimelala chini kwa upepo wa propela.

"Bi mkubwa," akasema. "Anatetemeka, au inatetemeka?"

Mtoto wa dawati la nyuma.

Mimi, niliyewajibu mawifi, wahubiri na wauza vyombo mlangoni, nikaushikilia mkia tu, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nimepewa kushika.

Akazima injini.

"Ndege ilipona siku ile ya skrubu," akasema.

"Ulijua?"

"Naijua injini, mama. Nilijua." Akaufuta mkono kwenye suruali kana kwamba una grisi. "Nikasema nikitafuta vizuri, huenda nikaikuta hitilafu humo. Ikiwa humo, ninaweza kuikaza."

Nikauacha mkia, nikaenda kumshika mkono. Ukatetemeka ndani ya wangu. Nikaubana zaidi, kama ninavyombana bi mdogo. Haukuacha.

Hospitali nilimpeleka bila ujanja. Daktari akamwambia anyooshe mikono, atembee hadi mlangoni na kurudi, aguse pua yake kwa kidole. Akatueleza kwa upole kwamba dawa zipo, zitapunguza. Kuondoa, hapana. Na mtetemo utaendelea kuja, polepole.

"Hakuna cha kukaza?" Mzee akauliza.

Daktari akadhani ni mzaha, akacheka. Mimi sikucheka, na mimi hucheka hata msibani.

Sasa rimoti nashika mimi.

Msinitolee macho. Msimamizi mwenyewe amekubali, ingawa nikifika naona anavyoisogeza gari yake. Bi mdogo nimemvunja miguu, nimemkwaruza tumbo, safari moja nikamtundika kwenye paa la ghala. Nyumbani hakuna tena anayeamini kwamba ni bahati mbaya.

Mzee anamuunga, lakini inachukua muda. Siku nyingine brashi ya gundi inamshinda, anaiweka mezani, anaitazama. Najifanya natafuta kitu jikoni. Sina ninachotafuta.

Tukiwa uwanjani, mshika mkia ni yeye. Aliomba mwenyewe. Anapanua miguu, anauma meno, Rubani anapiga propela, injini inawaka. Na pale nyuma, injini ikiwa inanguruma, mikono ya kila mtu hutetemeka. Hakuna awezaye kusema ni nani na ni nini.

Ndiyo maana hana haraka ya kuachia.

Nami simharakishi. Nasimama na rimoti yangu, mafuta yanaungua bure, nangoja.

Basi hayo ndiyo yangu. La kuondoka nalo ni dogo, linaingia mfukoni: siku mtu akikwambia "anatetemeka", usikimbilie gereji. Mwulize kwanza, nani?