Mpira wa Bure Nilionyimwa

Uvumilivu uliniishia jana, binti yangu aliporudi kutoka klabu ya hapa Iringa ya snuka, ule mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, vidole vinanuka chaki ya fimbo, akasema refa amemnyima mpira wa bure.

Harufu ileile. Nilipokuwa mtoto, nyumbani Ilomba, mjomba alicheza faulo, akaniachia mpira mweupe umezibwa kabisa na mipira mingine. Kwa sheria, hapo unapewa mpira wa bure: unachagua kugonga mpira wowote unaotaka. Nikachagua wa pinki.

“Wee mtoto, nani kakwambia hiyo sheria?”

“Si wewe mjomba, juzi ulivyozibwa.”

Wanaume waliokuwa wakitazama wakamcheka mjomba. Akaninyang’anya fimbo. “Nenda kasonge ugali.”

Nikaenda, nikasonga.

Leo asubuhi nimempelekea mwenyekiti wa klabu barua, akaigonga muhuri nikimwangalia. Nimeandika: “Naomba mchezo urudiwe kuanzia pale binti yangu alipozibwa. Nitakuwepo.”