Chewa wa Bi Mwanabaraka

Bi Mwanabaraka wa Gando ameolewa mara tatu na kuachika mara tatu. Ukimuuliza sababu atakwambia cherehani ilikuwa nzima, waume ndio walikuwa wabovu. Kazi yake ni kushona sare za skuli, hapo barazani kwake.

Mwaka jana Insiya, mwenye duka la madaftari na kalamu kule Wete, alimletea robota la majaketi ya mitumba, ya kile kitambaa kinene, laini kama blanketi. Alikuwa amelinunua bila kulifungua.

"Bi Mwanabaraka, nani atayavaa haya Pemba?"

"Hayavaliki, mwanangu. Hapa hata maiti huchelewa kupoa."

Lakini aliyapapasa, akasema atayashonea watoto vifuko vya penseli. Na visiwe vya hivi hivi tu: kila kifuko kiwe samaki, chewa, na zipu ndiyo iwe mdomo wake.

Wa kwanza alimtesa. Kitambaa kilivutika chini ya sindano, zipu ikatoka na mawimbi, chewa akawa na mdomo wa kupinda kama aliyepigwa na kiharusi. Manyoya yalimwingia puani, akapiga chafya mpaka jirani akachoka kumwombea rehema. Wa pili alimshona vizuri pande zote, ndipo akagundua kuwa zipu ameifunga na kifuko kiko ndani nje. Hapana pa kupitisha hata kidole akigeuze. Akalitukana robota na nchi lilikotoka, akasema astaghfirullah, akafumua. Tangu hapo akawa anaweka gazeti chini ya kitambaa kisivutike, na zipu anaiacha nusu wazi kabla ya kuzungusha mshono.

Wa tatu akatoka chewa kweli: kijivu, mashavu yamejaa, mdomo wa chini umening'inia, macho vifungo viwili vidogo. Insiya alipomwona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu si Bwana Himid?"

Himid ni dalali wa samaki dikoni, wavuvi wanaposhusha, na ndiye mume wa tatu. Bi Mwanabaraka aliapa kuwa alikusudia chewa. Akamtazama tena, kisha akakata wengine kwa kigezo kile kile.

Haukupita muda, watoto wa skuli wakawa hawasemi tena kifuko. Walisema, "Niazime Himid wako." Walikwenda dukani kwa Insiya kuulizia Himid wa buluu. Mwalimu mmoja alisikika akiamuru darasa zima wafunge Himid zao wamsikilize.

Himid mwenyewe akaja, kanzu imepigwa pasi, kifuko mkononi.

"Umenishona, Mwanabaraka?"

"Nimeshona chewa."

"Watoto wananiita dikoni, kisha wanajifunga zipu midomoni mwao. Mimi ntu nzima."

"Kama si wewe, hasira za nini? Na kama ni wewe, nimekutendea wema. Miaka yote niliyokaa nawe nilikuwa naitafuta zipu hiyo."

Himid akakaa. Alikifungua kifuko, akakifunga, akakifungua tena. Alikuwa ameumia kweli, na Bi Mwanabaraka akaona haya kidogo, jambo ambalo hakulizoea.

"Macho yangu si madogo hivi," Himid alisema mwishowe.

Hilo Bi Mwanabaraka alilikubali. Macho ndiyo kitu pekee kizuri alichokuwa nacho yule bwana. Akavikata vile vifungo, akamtilia vikubwa vya koti pale pale. Himid akamgeuza chewa huku na huku, akaridhika, akatia miwani yake ndani.

"Nyumba yangu kimya sana siku hizi," akasema, kama anayezungumzia mvua.

"Uliniacha talaka ngapi?"

"Moja."

"Basi niongezee mbili."

"Eda ilikwisha zamani. Haziongezeki."

"Hasara."

Hakuondoka. Alijimiminia kahawa, akaanza kueleza bei ya pweza, na nani kamdhulumu mnadani, na nyonga yake inavyomuuma. Bi Mwanabaraka aliendelea kushona mikia, akikanyaga cherehani kwa nguvu kila hadithi ilipozidi urefu. Siku nyingine angemfukuza. Siku ile alimwacha mpaka adhana ya alasiri ikamnyamazisha.