Aliyetusukumia Gari Kwenye Barafu

Mie sitaki mtu anipe pole, wala sitaki mtu anitafutie maelezo. Mmeniomba khabari hii, nakupeni kama ilivyokuwa, na asiyetaka kuamini mlango ule pale. Nnaye mtoto wa dada yangu, daktari, anakaa Al Khoudh ya Maskati, vyeti vyake vimejaa ukuta mzima. Kila nikiisema khabari hii ananishika mkono kama mgonjwa, ananiambia, "Khalti, ile ilikuwa baridi tu. Baridi inachezea akili." Baridi! Mie, na mama yangu, na mtoto mdogo, na mwanamke wa watu kutoka Matrah, sote baridi ituoneshe sura moja na itusemeze maneno yale yale? Baridi gani hiyo inayojua Kiunguja?

Haya, sikilizeni.

Tulipotoka Unguja baada ya mapinduzi tulifikia kijiji cha babu yetu, chini ya milima, upande wa Nizwa, bara ya Maskati. Kaka yangu Seif ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, baba keshakufa. Mungu amrehemu Seif, lakini kumrehemu ni kazi ya Mungu, si yangu. Alikuwa mtu wa maneno. Kule kijijini watu walikuwa wakichota maji na kukata majani ya ng'ombe, yeye kakaa kivulini anawahadithia namna alivyokuwa akiheshimiwa mjini Unguja. Aliyekuwa akichota maji yetu ni mkewe, wifi yangu Salama.

Salama alikuwa mtoto wa Malindi, mtaa wa mjini Unguja, mikono laini, hajapata kushika jembe maisha yake. Kule akajifunza kila kitu. Akaungua mkono kwa mafuta ya vitumbua, kovu likabaki mgongoni mwa kiganja, jekundu, lina umbo la jani. Hakulalamika. Halafu akashikwa na homa, na homa haikumwacha. Mama yangu ndiye aliyemuosha kwa mikono yake. Tukamzika, tukakaa matanga kwa machozi, na mwanawe Rukia, hata maneno hajayajua sawasawa, akawa wangu mie.

Wanawake wa kijijini walinijia kwa siri. Wakanambia, "Huyu hakufa. Huyu kachukuliwa." Waarabu wa kule wanamwita mughayyab, mtu aliyefichwa. Wanasema mchawi humchukua akamtumikisha milimani, na nyinyi mnachozika ni gogo tu lililovishwa sura yake. Unajua Seif alisema nini? Alicheka. Akasema, "Washamba hawa." Na kabla mwaka haujazunguka kenda mjini Matrah kaposa mke mwengine, Zuwena, binti wa mfanyabiashara. Kijana mzuri Zuwena, msiniwekee maneno kinywani, yeye hakunikosea kitu.

Mwisho wa mwaka sabini, Sultani mpya keshakaa, watu wetu wanaitwa kutoka kila pembe warudi wafanye kazi, babake Zuwena akamtafutia Seif kazi ya ofisini Maskati. Kwa sababu anajua Kiingereza, basi. Tukafunga mizigo kwenye Landrova ya kuazima, tukaanza safari ya kaskazini kwenda pwani. Seif kashika usukani na Zuwena ubavuni. Nyuma, chini ya turubai, mie na mama na Rukia, na magodoro, na masufuria.

Siku ile mlima ulikuwa umevaa nyeupe kichwani. Sijapata kuona. Mama akasema, "Mtu kamwaga chumvi." Seif akageuka, akatufundisha kuwa ile ni theluji, kana kwamba yeye kazaliwa Ulaya. Wenyeji walikuwa washamwambia asubuhi, "Usende leo, mawingu yameshuka, wadi utajaa." Yeye akawajibu kuwa anazijua njia. Anazijua! Mtu aliyekuwa hajui hata kisima kiko wapi.

Adhuhuri imepita mbingu ikawa nyeusi, na mvua ya mawe ikaanza kutupiga. Mawe ya barafu kama tende, yanadunda juu ya turubai mpaka hatusikizani. Mbele yetu wadi, mto wa mvua, umeshashuka, maji mekundu yanabingirisha miti. Mtu mwenye akili angesimama angengoja. Seif akakata kushoto, akapanda njia ya punda kuelekea mlimani, anapiga kelele kuwa ni njia ya mkato. Tukapanda, tukapanda, na kadiri tunavyopanda ndivyo ardhi inavyozidi kuwa nyeupe, mpaka mawe hayaonekani, na magurudumu yakazama kwenye barafu na matope. Yakawa yanazunguka bure.

Mvua ikakata ghafla. Ukimya ule siusahau. Hakuna ndege, hakuna mbuzi, nyeupe tupu kila upande, na pumzi zetu zinatoka kama moshi.

Ndipo akashuka mzee mmoja. Anatokea juu, na punda wake, kavaa kanzu chafu ya dishdasha na joho jeusi, bushti, hana haraka. Nyuma yake mwanamke kajitwika kuni, kajifunika uso, peku. Peku, wallahi, juu ya barafu!

Hakusalimia, na Seif naye hakumsalimia. Alitoa kichwa dirishani akamwita kama anavyoita mtumwa: "Wee mzee! Njoo utusukume!"

Mzee akamtazama, akatabasamu. Akasema kwa Kiarabu cha kule, "Mimi sisukumi. Ninaye wa kusukuma." Akampigia yule mwanamke ulimi, kama unavyompigia mnyama.

Mwanamke akatua kuni, akaja nyuma ya gari, akaweka mikono yake miwili kwenye ubao, usoni pangu. Kulikuwa na mawe ya barafu juu ya ngozi ya mikono yake, na hayayeyuki. Na mgongoni mwa kiganja kimoja kovu jekundu, umbo la jani.

Akainama kusukuma, ile nguo ikamwanguka usoni, nikamwona. Ni Salama. Si mtu anayefanana na Salama, ni Salama, na kidomo chake kidogo na nyusi zake. Macho tu ndiyo yalikuwa yamechoka, kama ya mtu aliyekesha miaka. Akanitazama mie, akamtazama Rukia mapajani mwangu, akasema polepole, kwa Kiunguja chetu, katika mlima ambao hakuna mtu hata mmoja anayekijua:

"Mtoto kavaa soksi?"

Nambieni, jini gani anauliza soksi?

Rukia akanyoosha mikono akasema, "Mama." Mama yangu ndipo alipomwona, akatoa ukelele uliorudishwa na milima yote. Salama akasukuma. Peke yake akasukuma, na Landrova ile, na mizigo, na sisi sote, ikatoka kwenye matope kama kigari cha mtoto.

Seif akashuka na Zuwena akashuka. Seif akamwona. Msiniambie hakumjua, kwa sababu niliiona rangi yake ikimtoka kama maji.

Mama keshamshika Salama mkono, analia, "Huyu mkwe wangu! Huyu mke wa mwanangu!"

Mzee akacheka. "Sikukuuliza wewe, bibi." Akamgeukia Seif. "Wewe ndiye mwenye neno. Akiwa wako, sema ni wako, mshike mkono, mchukue. Sitakuzuia, siwezi kukuzuia. Na kama si wako, niache nende zangu, kuni zangu zinarowa."

Hilo tu! Hakutaka mali, hakutaka damu. Neno moja kutoka kwa mtu aliyekuwa na maneno ya kujaza kisiwa.

Nikapiga kelele, "Kaka, sema! Sema ni wako!" Mama anampiga kifuani. Na Zuwena, mtoto wa watu, anatetemeka kwa khofu na baridi, akamwambia, "Seif, kama ni mkeo mchukue. Mimi ntakaa nyuma na mizigo. Mchukue, mtoto anamlilia."

Hata mke mwenza keshampa njia!

Seif akamtazama Salama miguu ile. Akatazama gari. Nilimwona anafikiri, na nnajua alichokuwa akifikiri: Matrah watasema nini, ofisini watasema nini, bwana mkubwa aliyeingia mjini na mke aliyemzika. Akakaza shingo, akasema kwa Kiarabu kizuri, kile cha kuhutubia, "Simjui mwanamke huyu. Mke wangu amekufa, Mwenyezi Mungu amrehemu."

Mzee akainamisha kichwa, kama mtu aliyepewa alichokijia. "Umesema wewe."

Salama hakulia. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Angelia, angemlaani, ningepata nafuu. Alijifunika uso, akajitoa mkononi mwa mama taratibu, kama unavyojitoa kwa mtoto aliyelala, akajitwika kuni zake. Akanigeukia. "Mfunge kitambaa masikioni," akasema. "Upepo wa huku mbaya." Akafuata punda. Mama alimkimbilia, akateleza akaanguka, na alipoinuka pale mbele hapakuwa na mtu wala punda, nyeupe tupu.

Tuliingia Maskati, Rukia kafungwa kitambaa changu masikioni.

Sasa mnataka kujua kilichompata Seif. Alipata kazi yake. Akapanda, akawa mkubwa, akajenga Qurum nyumba inayotazama bahari, watu wakamwita Sheikh. Lakini ile baridi haikumtoka. Mwezi wa sita, Maskati inachemka, ndege wanaanguka kwa joto, yeye kakaa barazani na bushti la sufi na soksi mbili mbili, meno yanagongana. Alikwenda India kwa madaktari, alikwenda London. Wakamwambia hana kitu. Wageni wakija anawaambia ni malaria ya Afrika. Hata ugonjwa wake aliuongopea.

Zuwena alidai talaka yake. Babake alimuuliza kosa la mume, akajibu, "Nikipotea mimi, huyu hatanitafuta." Babake alikuwa mtu mwenye akili, akamwelewa. Kaolewa na mtu mwengine, na mpaka leo siku ya Idi ananiletea halua.

Mama alitaka kurudi mlimani kumtafuta. Alikwenda na watu wa kijiji, wakazunguka, wasione hata nyumba. Kaburi hatukulifukua, dini haituruhusu, na mama alisema hataki kujua kilichomo. Alikufa hajamsamehe mwanawe. Seif alipofariki, waliomuosha walitoka wakipuliza vidole vyao. Waulizeni, mmoja yuko hai, anasali msikiti wa pale karibu na kwangu. Atakwambieni ule mwili uliwaumiza mikono kwa baridi, na maji ya moto waliyomwagia yalifika chini yameganda. Matangani watu walimsifu sana. Mie nikanywa kahawa yangu.

Siku hizi nawaona vijana, kila baridi ikishuka na wakisikia mlima umepata barafu, wanatoka na magari yao makubwa kwenda kupiga picha. Wanachezea, wanarushiana, wanacheka. Nendeni, mie sikukatazeni. Lakini mkikuta huko mwanamke peku, na mzee akakuulizeni kama mnamjua, msinifanyie ushujaa wa Kiarabu kizuri. Muda wa fikra hakuna pale. Mtu wako ni wako, awe hai, awe maiti, awe anakuaibisha mbele ya mji mzima. Atakayemkana atajifunika mabushti ya dunia nzima na hayatamfaa.

Na kama si wenu, kama ni wifi yangu, basi mnifanyie hisani moja. Msimkimbie. Zungumzeni naye kwa Kiswahili, polepole. Mwambieni Rukia yupo. Mwambieni kaolewa na mtu mwema, ana watoto wane, na binti wa kwanza kamwita Salama.