Mama Aliyeingia Ziwani

Wasomaji wangu, mama wa Kikongo aliyekuwa jirani yangu hapa Champlin, Marekani, kando ya ziwa letu dogo, ametutoka. Alifariki kitandani mwake, wanawe wamemzunguka, bila yale maumivu aliyoyaogopa tangu augue. Nililia, kisha nikashusha pumzi. Mtu aliyekimbia vita na mtoto mgongoni alistahili kuondoka kwa utulivu ule.

Upande wa pili wa ua wake aliishi mzee wa Kimarekani, mgane, asiyeitikia salamu. Kila asubuhi mama alimwita, "Jambo, papa!" na mzee akageukia ziwa. Nilimwambia mama aache kujisumbua. Akacheka: "Atachoka kunyamaza." Ikafika Jumamosi moja majani yakipukutika, wakati ambapo kila mwenye nyumba hutoa gati lake la mbao majini kabla barafu haijalishika. Mzee alikuwa akilitoa peke yake. Akateleza, gati likambana mguu, maji yakamfika kidevuni. Nilipomaliza kupiga simu ya dharura, mama alikuwa keshaingia majini na kitenge chake.

"Mama, maji yana baridi!"

"Miye nilizaliwa ku ziwa! Kuya, inua hii mbao!"

Nikaingia. Niliinua, mama akamvuta mpaka nyasini. Mzee, meno yakigongana, alimgeukia, akasema Kiswahili chote alichokuwa nacho: "Jambo, mama."

Tangu hapo hakuna aliyetoa gati peke yake. Kila majira hayo tulihama nyumba hadi nyumba: sisi Wakenya tuliotoka zamu za hospitali, vijana wa maghala ya mji wa Shakopee, na Wazungu waliokuwa wakijuana kwa magari tu. Mama alipika maharage sufuria kubwa, na mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika sahani.

Niliogopa kanisa lingekuwa tupu siku ya maziko, kwa kuwa, ukiacha wanawe, ndugu zake wote wako Bukavu. Lilijaa hadi watu wakasimama. Mzee alishika mkongojo, akasema, "Kama si yeye, mngenizika mimi kwanza."

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi wahamiaji tunakesha kwenye simu na walio mbali, na ni vyema. Lakini tukishakata simu, tutoke, tubishe hodi mlango wa pili, hata kama hodi ya kwanza haitajibiwa.