Sahani ya Siku ya Sita

Saa moja na nusu asubuhi, mvua ya Bukavu haijakatika. Domitille Nabintu anafungua kabati la joto katika maabara ya hospitali moja mjini, anatoa sahani ndogo yenye kifuniko na kuisogeza dirishani. Kwa siku tano haikuota kitu. Leo, siku ya sita, ina vidoa vyeupe, vikavu kama unga wa muhogo.

"Iko! Imetoka," anasema. "Mwite Docteur Raphaël."

Kilichooteshwa ni majimaji ya jicho la David, mchimba dhahabu wa Kamituga aliyerukiwa na kipande cha jiwe. Jicho lake jingine lilipofuka utotoni.

"Hii ikikufa, watoto yangu nitawaona na nini?" anauliza kitandani.

Dawa za kawaida zimeshindwa. Sasa daktari anajua anapambana na nini: bakteria adimu wa udongo, anayeota polepole. Kabla ya adhuhuri anamchoma David sindano ya dawa nyingine, ndani ya jicho lenyewe.

Wengi hutupa sahani isiyoota kitu baada ya siku mbili. Domitille, mwenye miaka 58, hutunza zake siku kumi na nne, na wenzake humtania kwamba anafuga vijidudu. Subira huvuta heri, lakini subira yake ilizaliwa na kosa.

"Miaka tisa imepita. Nilitupa sahani ya maman moja siku ya pili, nikaandika hakuna kitu," anasema, machozi yakimlenga. "Jicho ya ule maman wakaitoa. Kupima tena, microbe ilikuwa mule."

Tangu hapo, kila Jumamosi hununua sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, kwa mama huyo sokoni Kadutu, kwa bei yoyote anayotajiwa. Hajawahi kumwambia kwamba kosa ni lake.

Atastaafu mwakani. Anataka vijana wa maabara wazoee kungoja, na anataka kuungama kwa mama huyo.

"Papa muandishi, usitoe hii kwanza," alituomba. "Asikie mu kinywa yangu, hapana mu gazeti."

Tukangoja. Wiki ile David alihesabu vidole vya daktari, vyote vitano. Jumamosi Domitille akaenda sokoni.

Muuza sambaza huyo, Maman Constance, aliyeturuhusu kumtaja, alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya beseni la samaki. Nasi tuliogopa.

"Miaka yote nilikuwa najiuliza juu ya nini haupatanaka bei," alisema.

Akampimia sambaza, akamtajia bei ya juu kabisa.

"Sasa patana, dada yangu. Kama wengine."