Sahani Tatu za Wino wa Chungwa

Mimi ni mtu wa kinyaa. Tangu nikiwa mdogo kule Tanga sikunywa maji kwenye kikombe alichotumia mtu mwingine, hata kikioshwa mbele ya macho yangu, na mama alikuwa akisema nitaolewa na sabuni. Sikuolewa na sabuni wala na mtu. Nilihamia Marekani, nikapata kazi katika ofisi ya bima huko Dallas, nikapanga nyumba ya chumba na sebule Lewisville, na mwishoni mwa 2017, kwenye ule mchezo wa ofisini wa kupeana zawadi, nikaangukia kalamu ya kujaza wino. Hapo ndipo nilipopotea.

Watu hudhani wino ni wino tu. Kuna wino unaokauka kabla hujainua mkono, na kuna ambao ukiupitishia kidole baada ya dakika mbili bado unakufuata mpaka pembeni mwa karatasi. Kuna unaotambaa na kuota ndevu kwenye karatasi ya ofisi, na kuna unaopenya mpaka ukurasa wa pili. Nilinunua vichupa vidogo vidogo, nikavijaribu jikoni kila Jumapili kwa utaratibu uleule. Naandika sentensi ileile, "Leo nimekula wali kwa samaki," kwenye karatasi za aina tatu. Napaka kidogo kwa pamba. Nahesabu mpaka ishirini, napitisha kidole. Nadondosha tone la maji nione kinachobaki. Mwisho nakata utepe wa karatasi ya kuchujia kahawa, natia tone la wino, nausimamisha utepe kwenye maji kidogo. Maji yakipanda, rangi zinaachana. Mweusi unatoa zambarau na kijani, wa kahawia unatoa waridi. Jaribio hilo nililipenda kuliko yote kwa sababu hakuna wino unaoweza kujificha mbele yake.

Nusu ya raha yangu, nikisema kweli, ilikuwa kuchukia. Niliuchukia wa bluu ulionuka vyoo vya stendi. Niliuchukia wa kijani ulioota ute ndani ya chupa, ute wenyewe ukining'inia kama makamasi. Niliwachukia hata wenzangu wa kalamu. Nilienda mara moja tu kwenye mkutano wao katika mgahawa mmoja wa Dallas, nikakuta mzee wa Kizungu, nadhifu, shati limepigwa pasi, ambaye kalamu yake ilipogoma kutoa wino aliilamba ncha. Aliilamba kwa ulimi mzima, akaniandikia jina langu, akanipa karatasi. Nilisema naenda msalani, nikaingia kwenye gari, nikaendesha mpaka nyumbani bila kuaga.

Lakini niliouchukia kupita wote ulikuwa wa rangi ya chungwa. Kwenye karatasi ulikauka na ukingo wa waridi, kama kidonda kinachoanza kupona. Ulinuka dawa ya mende iliyotiwa karafuu. Kila ulipokaa kwenye kalamu siku mbili uliacha magamba kwenye ncha, na magamba hayo yaliniingia chini ya kucha. Niliununua chupa kubwa kwa ujinga wangu, na kila nikifungua kabati ulikuwepo, ukinitazama.

Mdogo wangu yuko Houston. Ananifuata ziwa moja, anasoma unesi, na mumewe ni dereva wa malori ya mbali. Sikukuu ya Idi mwaka 2018 nilimwendea, na kwenye buti la gari nilikuwa na sanduku la viatu lililojaa nusu chupa za wino ambazo sikutaka kuziona tena. Katika majengo anayoishi, ng'ambo ya maegesho, alikaa mwalimu mmoja mzee kutoka Mombasa ambaye Jumamosi na Jumapili aliwasomesha watoto wa Kitanzania, wa Kikenya na wa Kikongo Kurani sebuleni kwake. Nilimpelekea sanduku.

"Mwalimu, watoto wafanyie mazoezi ya hati," nilisema.

Alizitoa chupa moja moja, akaziinua kwenye mwanga. Ile ya chungwa aliishika muda mrefu.

"Hazina madhara, mwanangu? Watoto hawa kila kitu mdomoni."

"Hazina, mwalimu. Nimezijaribu mwenyewe zote. Hata mtoto akilamba."

Aliniombea dua ndefu, mikono juu, na mimi nikaitikia amina huku nikiwaza kabati langu lilivyo jeupe sasa. Nilijisikia mtu mwema njia nzima ya kurudi.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alishika mimba. Alikuwa amepoteza mbili kabla ya hiyo, zote zikiwa za miezi minne, na ya pili ilimwacha akikaa bafuni mlango umefungwa siku nzima. Kwa hiyo hii hakuitangaza. Alinipigia mimi tu, akanong'ona kana kwamba ukuta una masikio. Mimba ilipoingia mwezi wake wa nne nilichukua likizo ya siku mbili nikaenda Houston nimpikie.

Nilimkuta kwenye kochi, miguu juu ya mto, uso umetulia kuliko nilivyotarajia. Mezani palikuwa na glasi tupu. Chini ya glasi kulikuwa na duara jembamba la rangi ya waridi.

Mimi na madoa tunajuana. Niliinua ile glasi, nikainusa. Karafuu, na nyuma ya karafuu, dawa ya mende.

"Umekunywa nini?"

"Kombe. Mwalimu kaniandikia la siku saba. Dada, usianze. Usini-judge kwenye nyumba yangu."

Sikuwa na neno juu ya kombe. Kwetu mwalimu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, mgonjwa huiosha sahani kwa maji safi, huyanywa yale maji. Bibi yetu alituandikishia tulipokuwa na homa, na mdogo wangu, pamoja na vitabu vyake vyote vya unesi, asubuhi alimeza vidonge vya kliniki na mchana akanywa kombe, na hakuona ugomvi kati ya hivyo viwili. Mimi pia sikuuona. Nilichokiona ni lile duara.

"Hii si zafarani," nilisema.

"We na rangi zako."

Juu ya friji, chini ya kitambaa safi, kulikuwa na sahani tatu zilizobaki. Maandishi yalikuwa mazuri ajabu, herufi zimesimama sawasawa, na kila herufi ilikuwa na ukingo wa waridi. Sikuthubutu kuzigusa. Nilichukua matone ya mwisho kwenye glasi, nikatoa utepe wa karatasi kwenye mkoba, maana siku zile nilitembea nazo. Kwenye utepe wa pili nilitia zafarani ya pilau ya mdogo wangu mwenyewe, iliyoloekwa. Nikazisimamisha zote mbili kwenye kikombe kimoja. Zafarani ilipanda njano mwanzo mpaka mwisho. Ile nyingine iliachana, njano juu, waridi chini, kama nilivyoiona jikoni kwangu Lewisville mara ngapi sijui.

Nilikuwa nikimtazama mdogo wangu, midomo yake, pembe ya mdomo ambako palibaki doa dogo la chungwa, na nikawaza magamba yale chini ya kucha zangu, sasa yako ndani yake, na ndani ya huyo aliyemo ndani yake.

"Ni wino," nilimwambia. "Wino wa kalamu. Umekunywa wino siku nne."

Hakulia. Aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo, akauliza, "Kwa nini anifanyie hivyo?"

Nilivuka maegesho nikiwa nimewaka. Njiani nilipanga maneno, na yalikuwa maneno machafu kwa mtu wa umri wake: tapeli, mchafu, huna haya, unawanywesha watoto wa watu uchafu kwa jina la Mungu. Mdogo wangu alinifuata taratibu nyuma, kandambili miguuni. Mwalimu alifungua mlango akiwa na miwani kwenye paji la uso.

"Shikamoo mwalimu," nilisema, kwa sababu mdomo umezoea, hata ukiwa na hasira.

"Marahaba, wanangu. Karibuni ndani."

"Umeandika kombe kwa wino."

"Naam," alisema. "Kwa ule wako."

Alisema bila kushtuka, akatuvutia viti. Zafarani aliyoiagiza, alieleza, ilikuwa ya uongo. Aliiloweka akaona nyuzi zimebaki nyeupe, ndevu za mahindi zilizopakwa rangi, na yeye hawezi kumnywesha mjamzito kitu asichokijua. "Nikakumbuka wewe. Ulinambia umezijaribu zote mwenyewe, hata mtoto akilamba. Nikasema huyu ni mtu wa kupima, hili ndilo la kuaminika. Na hata hivyo sikumpa hivi hivi. Nilikunywa mie kwanza, siku tatu, glasi nzima nzima. Tumbo langu ni la kizee, lingekuwa baya lingenambia."

Aliinuka, akaileta chupa. Imefutwa, imefungwa vizuri, imewekwa kwenye mfuko wa plastiki isimwagike. Mdogo wangu aliipokea. Yeye ndiye aliyesoma kibandiko, kwa sauti, yale maandishi madogo ya chini kabisa yaliyosema isimezwe na iwekwe mbali na watoto.

"Ulijua?" aliniuliza.

Nilijua. Niliyasoma siku ya kwanza, na siku ile ya Idi pia niliyajua, na nikasema nilivyosema kwa sababu nilitaka sanduku litoke kwenye gari langu. Mzee yule alikuwa amekunywa siku tatu ndipo akampa mtu. Mimi niliyejiita mpimaji nilikuwa nimeupima juu ya karatasi, na kilichonichukiza mimi nimekitoa kwa watoto wa watu na kuombewa dua. Maneno yote machafu niliyoyabeba kuvuka maegesho nilikuwa nayo bado mdomoni, na hapakuwa na mwingine wa kuyapokea.

"Nilijua," nilisema.

Alipiga simu kliniki palepale, mbele yetu. Akawasomea kibandiko, akataja kiasi, siku nne, glasi nusu nusu, wino kidogo sana kwenye maji. Nilimsikiliza akitaja tarehe ya mimba kwa Kiingereza cha darasani, sauti yake imekauka. Nesi wa upande wa pili alimwambia aache, anywe maji, aje Jumatatu wampime, na kwamba kwa kiasi hicho hadhani kuna la kuogopa. Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa 2020, wa kike, mzima, na sauti ya kuchana paa. Lakini alasiri ile hakuna aliyeyajua hayo. Tulikuwa na neno la nesi tu, na Jumatatu ilikuwa mbali.

Zikabaki zile sahani tatu.

"Nitaziosha," nilisema tuliporudi, mwalimu akiwa ametufuata taratibu. Nilifungua bomba.

"Si kwenye sinki," mdogo wangu alisema. "Zina maneno ya Mungu."

"Basi nje, kwenye majani."

"Majani gani? Pale mbwa wanapokojolea?"

Alikuwa sahihi. Majengo yale yalizungukwa na saruji, na kipande pekee cha majani kilikuwa kile ambacho wapangaji wote walileta mbwa wao, asubuhi na jioni, na kuna kibao kinawakumbusha waokote. Nikataja mfereji wa nyuma. Tangu mafuriko makubwa ya Houston ya 2017 mfereji ule ulikuwa na vitoroli vya supamaketi na kila kilichotoka kwenye vyoo vya watu. Nikasema nitakwenda kununua chungu cha maua, chenye udongo safi, mpya.

"Kwa nini ulimwagie ua kitu ulichosema hata mtoto akilamba hakina neno?"

Mwalimu alikohoa. "Leteni, ninywe mie. Mie nimeshauzoea."

Alinyoosha mkono kweli. Mkono wa miaka sabini na ushei, vidole vimeingia chungwa kwenye kucha kwa sababu ya kumwandikia mdogo wangu. Nilitazama kucha zile, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuona kinyaa.

"La, mwalimu," nilisema.

Mdogo wangu aliishusha sahani ya kwanza. Aliiosha juu ya glasi kwa maji ya chupa, kwa kidole, polepole, herufi moja baada ya nyingine mpaka sahani ikawa nyeupe. Glasi ilikuwa ileile yake, haijasuuzwa, na alama ya midomo yake ukingoni. Alinikabidhi.

Nilipiga bismillahi nikanywa. Kwanza ulikuwa na chumvi, kisha chuma, kisha sabuni, halafu ile karafuu ilipanda puani na nyuma yake mende. Machozi yalinitoka, nikainama kwenye sinki, na nikakumbuka kwamba hicho hakimwagwi humo, kwa hiyo hakitapikwi humo pia. Nilijifunga mdomo kwa kiganja, nikasimama hivyo nikipumua kwa pua, mpaka kikashuka.

Nilipogeuka mdogo wangu alikuwa ananitazama, hakunicheka wala hakunionea huruma. Aliichukua glasi mkononi mwangu, akaiweka mezani, akanyoosha mkono juu ya friji akashusha sahani ya pili.