Bati Juu ya Mlingoti

Mume wangu Jafar aliuawa na watu ambao hawakumwona. Alikuwa ndani ya mashua yake ya mbao, mchana, mvua imeziba bahari yote, mshipi uko majini. Meli ya kivita ya ng'ambo iliyokuwa ikiwinda maharamia ikampiga kutoka mbali. Wakubwa wa meli walisema mashua iliitwa kwa redio, haikujibu. Redio! Jafar redio angeitoa wapi? Nikaambiwa niseme Mungu amependa. Nilisema. Lakini wale wa meli sikuwasamehe, wala leo siwasamehe.

Kulia peke yake hakukunitosha. Nilitaka kujua mtu anapigwaje bila kuonwa. Nikaenda kwa Kazungu, jirani yetu hapa Likoni, mstaafu wa jeshi la wanamaji, ambaye ujana wake wote ulipita mbele ya kioo cha rada.

"Dada Nyamvula," akaniambia, "zamani meli za vita zilitafutana kwa macho. Ukungu ukishuka, vita navyo vinalala. Rada imeondoa hayo. Inarusha mawimbi hewani, yakigonga chuma yanarudi, na kwenye kioo inatokea nukta. Anayemwona mwenzake kwanza ndiye anayepiga. Na anapiga nukta, hapigi uso."

"Na mbao je?"

"Mbao hairudishi vizuri. Nukta inakuja, inapotea. Na siku hizi meli za vita zenyewe huundwa ubavu wa mshazari, ili kwenye kioo zionekane ndogo kama mashua ya mvuvi. Kwa hiyo nukta ndogo yoyote inashukiwa."

Kumbe Jafar alikufa kwa kufananishwa na manowari. Nikamuuliza Kazungu dawa ya jambo hilo.

Akanichorea mchangani: vipande vya bati vinavyokatana, kila pembe imesimama kama kona ya sanduku, ili wimbi lirudi kwa nguvu lilikotoka. Hapo nukta inakuwa kubwa na haipotei. Anayetazama anajua hiki ni chombo kisichojificha. Nikaenda kwa mafundi wanaotengeneza majiko, nikakaa nao, vidole vikachanika mpaka nikajua kukata. Bati la kwanza nikampa mwanangu Ihsan, aliyeshika unahodha baada ya babake, na maji anayovulia ni yaleyale.

"Mama Ihsan, hiki kiota cha kuku gani?" akacheka Kaingu, baharia wake.

Wakalifunga kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga. Nililiona likipanda na tanga, moyo wangu ukatulia. Kisha siku moja, nikiwa ufukweni, niliwaona wakitia nanga karibu. Wakashusha tanga kama wavuvi wote wanavyofanya kabla ya kutupa mishipi. Bati nalo likashuka, likalala ndani ya mashua. Saa zile wanazokaa pahali pamoja wakivua, ndizo saa walizokuwa hawana kitu juu.

Kesho yake nilikwenda na nyundo. Mashua ilikuwa imekaa mchangani ikingoja maji. Nikapanda, nikakaa.

"Lipigiliwe kileleni pa mlingoti," nikasema. "Lisishuke tena."

"Mama, baba alionekana ndipo akapigwa," Ihsan akasema. "Nawe unataka nionekane zaidi?"

"Alionekana nusu. Wewe nataka uonekane mzima."

"Kamba ya tanga itanasa."

"Liweke upande wa nyuma."

"Mama Ihsan, shuka basi," Kaingu akasema. "Maji yanajaa, tutakupeleka ukapike chai mwambani."

"Nipelekeni. Na mshipi mnipe."

Wenye mashua za jirani wakaangua kicheko. Ihsan akainamisha uso. Maji yakaanza kuinyanyua mashua, mimi nimekaa palepale, nyundo mapajani.

"Wallahi, mama, wewe!" akasema, akaichukua ile nyundo.

Akapanda, akapigilia kwa hasira. Nikamwambia aongeze msumari. Akaongeza. Nikawaambia wapandishe tanga, kisha walishushe. Kamba haikunasa. Tanga likashuka lote hadi chini, bati likabaki juu peke yake.

Ndipo niliposhuka, maji yakinifika kiunoni, nikawasukumia mashua.